Tanga mpaka Malawi kwa baiskeli: mwongozo wa kusafiri na pesa yako katikati ya watu wasio nayo

Mi nimekulia Tanga, njia ya Pangani, na utotoni gari la wazungu likipita tulikua tunalikimbilia tukipiga kelele "mzungu pipi, mzungu kalamu", siku moja kioo kikashuka kikarushwa kifurushi cha kalamu barabarani, tukazigombania kwenye vumbi mpaka mdogo wangu akakanyagwa mkono na kalamu yenyewe hatukuambulia hata moja. Miaka thelathini baadae, Februari 2023, nipo Karonga, Malawi, juu ya baiskeli, nasikia nyuma yangu watoto wanakimbia wanaita "bwana! bwana! ndalama!" Ndalama ni pesa. Nikageuka kumtafuta huyo bwana, barabara ilikua tupu, bwana ni mimi.

Siku ile nililala vibaya. Nyumbani nina kibanda cha spea za baiskeli Ngamiani, mwisho wa mwezi nahesabu sarafu kama watu wengine, sijawahi kujiona tajiri. Kumbe utajiri unapimwa pale ulipo na sio pale ulipotoka. Tangu hapo nimeenda tena, Juni 2024, na vijana wengi wa Tanga wananiuliza njia, gharama, gia gani ya kutumia kwenye milima. Hayo yote ntawaambia siku nyingine. Leo naandika lile ambalo hakuna aliyeniambia kabla sijatoka: ukae vipi na watu ambao baiskeli yako peke yake ni zaidi ya kila walichonacho ndani, usiwadhalilishe na wala usijifanye mmoja wao.

Hatua ya 1: Jipime kwa kibarua kabla hujampima mtu

Tuanze na hesabu za wakubwa. Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, kwa hesabu zao pato la mtu lilikua dola 1,080 kwa mwaka na mstari ulikua 1,036, yani tulivuka kwa unyoya. Malawi haijavuka, Burundi haijavuka, Msumbiji haijavuka. Kwa hiyo Mtanzania akitoka upande wa kusini au magharibi mara nyingi anaingia kwa jirani aliyepungukiwa kuliko yeye, ingawa wala hatuna mazoea ya kujifikiria hivo, sisi tumezoea kuangalia Kenya na Ulaya.

Lakini hesabu ya nchi haikusaidii ukiwa umekaa kwenye kigogo na mtu. Inayosaidia ni hii: kijiji cha kwanza unachosimama, kunywa maji, salimia, halafu muulize mtu mzima kibarua wa shamba huku analipwa ngapi kwa siku. Malawi wanaita ganyu, na mara nyingine malipo ni mahindi na sio pesa. Jibu la kwanza nililopata mimi lilikua kwacha 2,000. Nikakaa nikagawanya. Simu yangu ilikua siku kama 75 za jembe, baiskeli yangu ya mtumba niliyonunua laki sita ilikua zaidi ya siku 130, sahani ya nsima (ugali wao) na usipa (dagaa wa ziwani) niliyotoka kula kwa kwacha 1,000 ilikua nusu siku ya mtu kuinama juani.

Andika hicho kipimo kwenye karatasi uweke mfukoni. Kila unapotaka kununua, kubishana, kutoa au kukataa, kipitishe kwenye kipimo. Mi kimenibadilisha kuliko mahubiri yoyote, maana ukijua soda mbili ni nusu siku ya mtu huwezi tena kuzinywa mbele yake huku unalalamika hazina baridi.

Hatua ya 2: Chagua mwezi, na ukikosea mwezi beba chakula

Hili watu wengi hawalifikirii, wanaangalia mvua tu na matope. Malawi mahindi yanavunwa kuanzia Aprili hivi, kwa hiyo Januari mpaka Machi ndo akiba imeisha na shamba halijakomaa, familia nyingi za vijijini zinakula mara moja kwa siku. Mi Februari ile nilikua sijui.

Nilifika jioni nyumba moja maeneo ya Chilumba, nimelowa, mama mwenye nyumba akanipokea kama mwanae, akanipa maji ya moto ya kuoga, akanisongea nsima na mboga ya majani nikala nikashiba, nikadhani watoto walishakula. Asubuhi nikamuona binti mkubwa anakung'uta mfuko wa unga juu ya ungo, anaupiga chini na viganja, anatafuta wa uji wa wadogo zake. Nilikula unga wa siku mbili wa watoto watano peke yangu, na hakuna aliyenionyesha hata kwa jicho.

Kwa hiyo fanya hivi. Miezi ya njaa usiingie nyumba ya mtu mikono mitupu. Kwenye senta ya mwisho kabla ya giza nunua unga kilo tano, mafuta, chumvi, sabuni, kama kuna usipa mkavu chukua. Ukikaribishwa, mkabidhi mama kwa mikono miwili kabla jiko halijawashwa, umwambie "hiki cha kupikia wote". Neno wote lina kazi, maana ukisema "hiki cha kwangu" utakula peke yako na watoto wanakuangalia, na ukisema "hiki zawadi" kitafichwa cha kesho halafu utapikiwa unga uleule wa mwisho. Halafu chakula kikija usimalize. Kwetu kubakiza kwenye sahani ni kumtia mpishi wasiwasi, ila kule uliza kwanza kama watoto wanakula baada ya mgeni, na kama ndivyo bakisha cha kutosha.

Juni ni afadhali lakini usijiaminishe. Machi 2024 serikali ya Malawi ilitangaza hali ya maafa kwenye wilaya 23 kati ya 28 kwa sababu ya ukame wa El Niño, kwa hiyo Juni ile ambayo kwa kawaida ghala zimejaa nilikuta watu wanaongelea njaa kama tunavyoongelea sisi Februari kodi ya fremu. Uliza mavuno yalikuaje kabla hujavuka mpaka, madereva wa malori pale Kasumulu wanajua vizuri.

Hatua ya 3: Gawa pesa mafungu matatu, na fungu la kutoa ulihesabu ukiwa kwako

Fungu la njia, fungu la dharura, fungu la kutoa. La dharura lishonee ndani na ulisahau.

La kutoa ndo nataka tulielewane. Wenye maduka Tanga mnajua Ijumaa asubuhi: sarafu zinapangwa juu ya kaunta mapema, wazee na vipofu wanapita mmoja mmoja, kila mmoja anapata yake, hakuna kelele wala maswali, na ikiisha unasema Mwenyezi Mungu akuruzuku na yeye anaitikia amin anaenda duka la pili. Ule utaratibu ndo nauchukua barabarani. Mwenye duka hatoi kwa sababu roho imemuuma ghafla, ametenga, anajua kiasi, anajua siku. Ukitoka bila fungu la kutoa utafanya nilivyofanya mimi safari ya kwanza: wiki ya kwanza unagawa kwa huruma, wiki ya pili umeogopa pesa inaisha unamfokea bibi kizee anayekuomba kwacha 200, halafu usiku unajichukia.

Kiasi changu ni shilingi moja kwa kila kumi ya matumizi ya njia. Wewe weka chako. Nusu ya hilo fungu naiacha kwa ajili ya jambo kubwa moja litakalotokea, maana huwa linatokea, ntalieleza chini.

Hatua ya 4: Kubadilisha pesa, na kwa nini noti yako kubwa inaumiza

Vaa moyo wa subira hapa. Kasumulu kabla hujafika kwenye geti watakuzunguka vijana wenye mabunda ya kwacha, na bei yao ni nzuri kuliko ya benki, mara nyingine nzuri sana. Elewa kwanza inatoka wapi. Malawi haina dola za kutosha, inauza tumbaku na chai kidogo na inanunua mafuta, mbolea na dawa kwa dola. Mei 2022 walishusha kwacha kwa asilimia 25, Novemba 2023 wakaishusha tena kwa asilimia 44, dola ikatoka kama kwacha 1,180 ikaenda 1,700 kwa siku moja, na mwalimu aliyelala na mshahara wake akaamka nao uleule ila sukari imepanda. Wewe mgeni siku hiyohiyo umekua tajiri zaidi bila kufanya kazi yoyote.

Ushauri wangu, badilisha kwenye benki au biuro, pokea risiti. Najua watu watanicheka, utapoteza. Lakini kubadilisha mtaani ni kuvunja sheria yao, na pesa ya kigeni inayopita dirishani ndo ile inayoagiza mafuta na dawa, nimeona foleni ya petroli Mzuzu watu wamelala na madumu kwa hiyo sioni raha kufaidi hapohapo nchi inapovuja.

Halafu omba noti ndogo, zidi kuomba. Noti ya 5,000 kwa muuza nyanya ni mzigo, ataanza kukimbia jirani kwa jirani kutafuta chenji, dakika ishirini ameacha biashara yake, na wote waliomuona wamejua mgeni ana noti za 5,000. Au atakuachia bure kwa aibu, nalo limewahi kunikuta.

Hatua ya 5: Watoto wanaokukimbilia

Hapa ndo roho ya safari ilipo, nitakaa kidogo.

Safari ya kwanza nilinunua Mbeya pakiti tatu za pipi nikajiona mwema. Kijiji cha kwanza nikatoa, wakafika watoto kumi, wakawa thelathini, pakiti ikaisha, wakubwa wakawapokonya wadogo, mmoja akang'atwa sikio, akatoka baba mmoja na fimbo akawatawanya, halafu akaniangalia mimi bila kusema kitu. Yale macho ndo nayakumbuka. Alikua anamuangalia mtu aliyetufanyia mimi na mdogo wangu yaleyale kwenye barabara ya Pangani.

Usimpe mtoto kitu barabarani. Sio pipi, sio kalamu, sio kwacha 50. Sio kwa sababu ya roho mbaya. Mtoto anayepata akikimbilia baiskeli kesho hataenda shule kama amesikia baiskeli zinapita, na mzazi wake ambaye jana alikua ndo mtoaji ndani ya nyumba leo ameonekana mbele ya wanae hana kitu na mpita njia ndo anacho.

Cha kumpa ni muda. Shuka kwenye baiskeli. Hili la kushuka ni muhimu, mtu anayeongea na wewe ukiwa juu ya siti anaongea na mgongo wako. Salimia kwa lugha yao: kaskazini Kitumbuka "muli uli", na asante ni "yewo", ukishuka katikati na kusini "muli bwanji" na asante "zikomo". Karonga Kiswahili kinaenda sana, wengine wanafanya biashara na Kyela kila wiki. Watoto wakikusukuma mlimani, na milima ya kupanda kuelekea Livingstonia watakusukuma, waambie majina yao wayataje mmoja mmoja na wewe utaje lako. Onyesha namna ya kuziba pancha, mpe mmoja ashike pampu. Mi ni fundi, hiyo ndo mali yangu isiyoisha, siku moja Chitimba nilikaa kuanzia saa nane mpaka jua linazama nanyoosha ringi za baiskeli za watu bure na wao wakanifundisha kuweka siti ya abiria ya kabaza, zile baiskeli zao za kubeba watu, na hakuna mtoto hata mmoja aliyesema ndalama mchana ule wote. Kama una ujuzi wowote, kushona, kusuka, kutengeneza redio, kucheza mpira, huo ubebe juu ya begi.

Ukiwa na kitu kweli cha watoto, madaftari kwa mfano, mpe mwalimu mkuu ofisini, agawe yeye siku anayotaka, na wewe uwe umeshaondoka.

Hatua ya 6: Neno "sina"

Sisi kwetu mtu akikuomba unajibu "sina" na imeisha, ni adabu tu, wote mnajua maana yake ni siwezi kukupa. Ukiwa ugenini na baiskeli ya siku 130, "sina" ni uongo unaoonekana, na mzee mmoja wa Nkhata Bay aliniambia kwa Kiswahili safi kabisa, "mwanangu, sema hutaki, usiseme huna, mimi ndo sina."

Toka siku ile nasema "leo siwezi, baba, nisamehe". Au namwambia ukweli wote, nimeshatoa ya leo. Wengi wanaitikia vizuri, wanakuombea na safari njema. Na usivae miwani ya jua ukikataa, muangalie mtu usoni.

Wakikuuliza baiskeli bei gani, hilo swali litakuja kila siku, usiseme "ya bei ndogo". Sema bei, na sema ulivyoipata, mi nasema laki sita za kwetu, nimechanga miezi kumi. Nilijifunza kwa Mholanzi mmoja tuliekutana nae kule, baiskeli yake ilikua inazidi mzigo wote wa kibanda changu, nikamuuliza, akaniambia bei bila kuzunguka na akaniambia kazi anayofanya na miaka aliyoweka, na kweli sikuumia, ningeumia kama angenificha kama mtoto. Ila hilo ni la mchana na watu mliokaa nao. Stendi usiku mtu anauliza bei ya baiskeli mpe salamu na uondoke.

Hatua ya 7: Kupatana bei

Watu wa pwani kupatana ni mazungumzo, mtu ukinunua kanga Mgandini bila kubishana muuzaji mwenyewe anakuona una huzuni. Kule punguza. Utaratibu wangu ni kumuuliza mtu wa tatu bei ya kawaida kabla, dereva, mwenye gesti, mtu yeyote asiyeuza, halafu nalipa hiyo. Kwa mwenye duka na gesti nabishana kwa heshima. Kwa mama mwenye mafungu sita ya nyanya chini ya mwembe sibishani, anataja nalipa, na kama najua amenizidishia kidogo nalipa vilevile, maana toa kipimo chako uone hiyo tofauti ni dakika ngapi za jembe.

Lakini usirushe pesa pia. Nilimlipa kijana wa kabaza mara tatu ya bei kwa furaha, kesho yake mwalimu wa shule ya jirani ananiambia vijana pale stendi wamegoma kubeba wenyeji kwa bei ya zamani wakisubiri wageni. Lipa bei ya haki, ukitaka kuongeza ongeza kwa kazi, mwambie akusubiri, akusindikize, akuonyeshe njia, ulipie na hicho.

Hatua ya 8: Jua wazee wetu walifikaje

Hii wengi wangeiruka, mi naiweka kwa sababu wewe hutokei hewani, unatoka Tanga, unaongea Kiswahili cha pwani, pengine umevaa kofia. Karonga miaka ya 1880 alikaa Mlozi, mfanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu wa pembe na watumwa, mwaka 1887 watu wake waliwaua Wankhonde wengi, wenyeji wa pale, vita na Waingereza ikafuata, na Desemba 1895 Waingereza wakamnyonga. Nkhotakota alikaa Jumbe, Salim bin Abdallah, aliyefika miaka ya 1840, na mashua zake zilikua zinavusha watu waliofungwa kwenda mashariki, kuelekea pwani kwetu. Misikiti ya Nkhotakota na Kiswahili unachosikia kwa wazee kule kina mzizi humo.

Mzee akikuambia "nyinyi Waswahili mlikuja zamani mkachukua watu", na niliambiwa, usibishe, usiseme walikua Waarabu sio sisi. Sikiliza. Uliza ilikuaje kwa ukoo wake. Mi nilikaa karibu saa mbili, nilipoondoka yule mzee ndo aliyenitafutia pa kulala.

Na sisi tuna la kusimulia upande wetu. Mkonge wa Tanga ulikatwa na manamba, watu waliochukuliwa mbali, Burundi, Msumbiji, bara, wakahesabiwa kwa namba na kadi za kipande za siku thelathini, kuanzia 1944 kulikua na chombo kizima cha kuwatafuta, SILABU. Wajukuu wao ndo majirani zetu Muheza na Korogwe. Nilipowasimulia hayo wale wa Nkhotakota, wakasema na wao wana ndugu waliokwenda migodini Afrika Kusini wasirudi.

Hatua ya 9: Kulala, picha

Kwa kifupi. Kama kuna gesti ya kijijini lala gesti, ile pesa inabaki pale na hakuna mtoto anayehamishwa kitandani kwa ajili yako. Kama hamna, mtafute mfumu, yani chifu wa kijiji, piga hodi kwa mbali, wao wanasema "odi" kwa hiyo wanakuelewa, omba sehemu ya hema. Hema lisimamishwe jioni, sio mchana, watu wasikae wakiangalia mali zako zinatoka moja moja. Kuchaji simu kwenye sola ya mtu ni huduma, lipia kama wenyeji wanavyolipia.

Picha za nyumba mbovu, watoto wenye kamasi, sahani tupu: acha. Piga picha ya mtu aliyekuomba umpige, na umpelekee.

Hatua ya 10: Lile jambo kubwa moja

Kila safari litakuja ombi ambalo sio la sarafu. Langu la 2024 lilikua la baba mwenye mtoto aliyeungua mguu, kijiji kilomita kama ishirini kutoka hospitali ya wilaya. Malawi hospitali za serikali matibabu hayalipiwi, kwa hiyo nilivyosikia hospitali nikataka kukataa, nikadhani ananidanganya. Kumbe shida sio daktari, ni nauli ya kwenda na kurudi kubadilisha bandeji, na bandeji zenyewe na dawa zikiisha stoo unaandikiwa ukanunue.

Nilichofanya, na ndo utaratibu nnaoupendekeza: sikumpa pesa mkononi nikaondoka, wala sikumtaka aniletee ushahidi. Niliacha baiskeli kwa mfumu nikaenda nao. Tulipanda matola, pikapu zile za kupakia watu, nikalipa nauli zetu zote, nikasimama foleni nao kuanzia saa mbili mpaka saa saba, dawa iliyokosekana tukaenda duka la dawa nikalipa dirishani, nikamlipa mwenye matola safari nne zinazofuata, mfumu akiwepo kama shahidi. Fungu la kutoa likaisha hapohapo, na wiki mbili zilizobaki nilisema "leo siwezi" kwa kila mtu bila kuona haya.

Usiahidi ukiwa na uchungu. Usiseme ntamsomesha huyu mtoto, ntakutafutia kazi Dar. Nimeahidi mara moja, kijana akanipigia simu miezi minane, sauti yake inazidi kupungua kila simu, na mi nabadilisha sababu. Lile deni ninalo mpaka leo, sijalilipa. Kama una nia, sema "ntakupigia nikifika" na ufike, ukae mwezi, upige hesabu zako za kibandani, halafu ndo useme neno.

Hatua ya 11: Ukirudi

Unarudi Tanga unashuka Kange, umekonda, watu wanakupongeza. Siku tatu za mwanzo kila kitu kitakukera, harusi ya jirani na sinia za pilau zinazorudi nusu, chenji ya dukani unayoambiwa chukua pipi. Usigombe na watu, hawakuona ulichoona.

Chukua ile karatasi ya kipimo na uulize swali lilelile hapa kwetu. Kibarua wa kukata mkonge analipwa ngapi leo, dada wa kazi nyumbani kwenu analipwa ngapi, kijana wa Kirundi anayepalilia michungwa ya mjomba Muheza anapewa ngapi na analala wapi. Mi nilikua na kijana kibandani, namlipa kwa siku na siku mvua ikinyesha simlipi, nilikua naona sawa tu. Nilivyorudi safari ya kwanza nikakaa nae tukapiga hesabu, sasa analipwa kwa mwezi, mvua isimhusu, na faida yangu imepungua kweli, sisemi uongo.

Na wale uliowaacha. Mama wa Chilumba nilimtumia kupitia dereva wa lori anayeshuka Karonga kila mwezi: doti mbili za kanga, na tyubu nne na freewili kwa ajili ya baiskeli ya mwanae wa kabaza. Safari ya pili Juni nikapitia kwake makusudi, na unga nimebeba kwenye karieri kilo kumi. Akanipokea kwa mikono miwili, akaenda kuuweka ndani, halafu akarudi na debe la karanga za shamba lake akaniambia hizi ni za mama yako Tanga, na nikataka kukataa, kipimo kikanijia kichwani, siku ngapi za jembe zile. Nikapokea, kwa mikono miwili, nikapiga magoti kidogo kama nilivyoona vijana wake wanavyofanya. Karanga zenyewe nilizibeba mpaka nyumbani, kilomita zaidi ya elfu moja, mama akazikaanga na chumvi.